Mzito wa Uji, Mzito wa Jiwe

Shemeji yangu Fredi ni seremala wa Magarama, hapa Gitega, na mwaka jana kwa majuma matano alimwonea wivu ndege aliyekufa miaka milioni sitini iliyopita. Sitanii. Naandika habari zake kwa sababu katika nchi yetu wanaoandikwa ni wale wenye magari ya vioo vyeusi, na wakifa wanaandikwa tena, lakini mtu aliyetengeneza dawati analokalia mtoto wako hapati hata mstari mmoja. Nilimwomba ruhusa. Alisema, "Andika, ila usinipambe. Ukinipamba, watu wa Magarama watakucheka wewe, si mimi." Basi sitampamba.

Alizaliwa Katumba, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, mwaka 1981, na huko ndiko alikojifunza useremala. Alirudi Burundi mwaka 2009 juu ya lori, yeye na mama yake Martha. Mama Martha aliacha magodoro, akaacha na mlango mzuri uliochongwa na mwanawe, lakini kinu na mchi wake alivikumbatia mpaka mpakani. Mchi ule ulikuwa wa mpingo, mweusi tii. Askari aliyeunyanyua kutoka kwenye mizigo aliuliza kama ni chuma. Mama Martha alifariki miaka saba baadaye, na mchi ukabaki jikoni kwa Fredi. Dada yangu Ursula, mke wa Fredi, ndiye anayetwangia sombe, majani ya muhogo, kwa mchi huo.

Fredi hutengeneza vitanda, milango, madawati na, inapobidi, majeneza. Magarama watu wana msemo kwamba kitanda cha Fredi hakisemi siri za wenyewe, maana hakilii. Yeye husikia msemo huo akajifanya hajasikia, kisha siku nzima hupiga mluzi. Mtu anayependa sifa kiasi hicho, sifa za mwenzake humchoma.

Ursula anafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari mjini. Shule haina maabara. Ina chumba kimoja kizuri chenye madirisha mawili, na chumba hicho kinalala magunia ya maharage ya wanafunzi. Maharage yana madirisha, watoto wanaosoma habari za seli hawajawahi kuiona seli. Mimi nikilisema hili hupandisha sauti. Ursula hulisema polepole, lakini yeye ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa shule. Mkuu alimjibu hivi: siku ya wazazi, Ijumaa ya mwisho ya muhula, amwonyeshe somo moja linalostahili chumba. Likiwaingia wazazi, atampa ufunguo. La sivyo, shehena mpya ya maharage inafika kesho yake, Jumamosi, nayo itaingia humo.

Ursula akachagua pengwini wa kale.

Alikuwa na karatasi ya fotokopi aliyoipata kwenye mafunzo ya walimu, yenye michoro ya visukuku vilivyofukuliwa Nyuzilandi. Wazo lake lilikuwa rahisi, na mimi mpaka leo naliona kubwa. Kila mtoto wa Gitega amewahi kuvunja mfupa wa kuku akaona ulivyo mtupu ndani. Ndege anayeruka lazima awe mwepesi. Sasa pengwini ni ndege ambaye mababu zake waliruka, kisha wakaacha hewa wakafuata samaki majini. Mifupa yake iliziba ndani, ikawa mizito, ili maji yasimrudishe juu kila anapopiga mbizi. Bawa likabapa kama kasia, na kadiri mamilioni ya miaka yalivyopita kiwiko kikakakamaa. Lakini kidari kilibaki kikubwa kama cha ndege arukaye, na mfupa wa bega ukapanuka, kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa, na ndani yake hata kulinyanyua bawa ni kazi ya nguvu. Pengwini hakuacha kuruka. Anaruka ndani ya maji.

Somo lenyewe lilihitaji pipa la maji na mabawa mawili. Mfupa wa kuku ungeelea. Bawa la pengwini, lililochongwa kwa mti kwa kufuata kisukuku, lingezama mbele ya macho ya wazazi. Basi. Mwenye kuelewa angeelewa bila Kifaransa cha darasani.

Karatasi ile aliipeleka kwanza kwa mumewe. Hili lishikeni, maana Fredi alilisahau. Siku hiyo karakana ilikuwa na watu, akiwemo mzee Nazario, ambaye huleta kiti kilekile kutengenezwa kila mwezi ili apate mahali pa kupiga soga. Ursula alikuwa hajamaliza maelezo yake Fredi aliposema, bila kuacha randa, "Ndege asiyeruka ni kuku aliyelewa." Nazario alicheka mpaka akakohoa. Ursula naye alicheka kidogo, akaikunja karatasi, akaondoka.

Mwezi uliofuata alikwenda Muyinga kusahihisha mitihani. Huko, kwenye shule moja ya msingi, aliona mkono wa mti ambao vidole vyake vinakunjika kwa uzi, watoto wakijifunzia viungo. Akauliza nani kauchonga. Wakamwambia Saidi, fundi wa mtaa wa Waislamu, anayechonga miko, vitana na mipini ya visu. Akampelekea karatasi.

Ndipo simu ikaanza.

Saidi hakupenda kuandika. Alituma ujumbe wa sauti, asubuhi na jioni, na sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayembembeleza mbuzi atoke shambani. Ursula aliusikiliza uani akianika nguo, na alikuwa akicheka. Si kicheko cha adabu alichokitoa karakanani siku ile. Kilikuwa kile tulichokijua utotoni, kinachoanzia puani. Fredi alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu. Alianza kurudi nyumbani mapema. Mara moja nilimkuta akipiga randa ubao mmoja wa mlango, mwembamba kiasi kwamba jua lilikuwa karibu kupita.

"Shemeji, huo ni mlango au karatasi?"

"Dada yako anazungumza nini na huyo mtu?"

"Mifupa."

"Mifupa haichekeshi," alisema, akaendelea na randa.

Akaanza kuokota maneno. Bega. Kifua kipana. Kidari kilivyo kizuri. Alikuwa nyuma ya shuka lililoanikwa siku aliposikia yale yaliyommaliza. Sauti ya Saidi ilisema: "Madamu Ursula, ile maneno yako ya mabwana wawili imenishika kichwa siku muzima. Ni kweli kabisa. Hawezi kaa na bote wawili. Lazima achague mumoja, na akishachagua, asiangalie nyuma."

Na Ursula akajibu, akibana kibanio cha nguo kati ya meno, "Ndivyo, Saidi. Na ameshachagua."

Mtu mwingine angelivuta shuka lile na kuuliza. Fredi aliingia ndani, akala chakula chake chote, akasifu mboga. Asubuhi ya Jumanne alisema anakwenda Makebuko kuangalia mbao.

Alikwenda Muyinga. Petroli ilikuwa imekosekana juma lile, kwa hiyo alipanda lori la mahindi mpaka Karusi, kisha pikipiki, na njia nzima, alinisimulia baadaye, alikuwa akimchora Saidi kichwani. Mara awe kijana mwenye miwani, mara mzee mwenye pesa. Alipomfikia, aliona hali ni mbaya zaidi: mtu wa umri wake mwenyewe, mrefu, ndevu zimekatwa vizuri, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, miguu imefunikwa maranda ya mti. Fundi kama yeye.

"Naitwa Simoni," alisema Fredi. "Natoka Karusi. Natafuta mwiko."

"Mwiko ya ugali ao ya mboga?"

"Ya ugali."

"Iko. Kaa kidogo, baba, nimalizie kitu hapa."

Mke wa Saidi, Salama, alikuwa mlangoni na birika la chai ya tangawizi anayowauzia wapita njia. Alimmiminia Fredi kikombe.

"Ukingoja huyo utalala hapa," alisema. "Iko na kuku yake."

"Kuku?"

"Kuku ya maji. Ya madamu mumoja wa Gitega. Mwezi muzima ni mifupa, mifupa. Tukiamka mifupa, tukikula mifupa. Mi najua mifupa ya huyo kuku kushinda ya batoto bangu."

"Salama, wacha muteja anywe chai," alisema Saidi, akicheka.

"Si anakunywa? Na nasikia bwana yake huyo madamu ni fundi wa mbao, kulekule Gitega. Baba, we ni mutu muzima, nakuuliza. Fundi gani huyo, bibi yake anatoka, anapita Karusi yote, kutafuta fundi mwingine?"

Chai ilimpalia Fredi. Alipomaliza kukohoa alisema, "Labda ana kazi nyingi."

"Ao hajui kazi," alisema Salama bila ubaya wowote, akamwongezea chai.

Saidi akaleta bawa alionyeshe. Alilibeba kwa mikono miwili, kama mtu anavyobeba sahani iliyojaa. Na hapo wivu wa Fredi ukageuka kuwa wa aina nyingine, ule ambao hata mkeo akiapa kwa Mungu haukutoki. Kazi ilikuwa nzuri. Kichwa cha mfupa wa bega kilikuwa na mviringo ambao yeye asingeweza kuutoa kwa siku tatu. Kila kiungo kilikaa mahali pake, na msasa ulikuwa umepita mpaka mti ukawa kama ngozi.

Akalipokea mikononi, na mikono yake ikajua kabla yake. Lilikuwa jepesi kama gunzi la mahindi. Tena lilikuwa nene, limevimba kama mkono wa mtu aliyeumwa na nyuki.

"Mbona nene hivi?" aliuliza.

"Madamu alisema, mifupa ya huyu iko nzito. Ya kuku iko nyepesi, ya huyu nzito. Donc nimeifanya nzito." Saidi aliligonga kwa ukucha, akatabasamu. "Kama uji ya Ramadhani. Bengine uji yabo ni maji matupu. Ya kwangu unasimamisha kijiko."

Fredi alielewa papo hapo. Ursula, naye mtoto wa Katumba kama mumewe, alisema mzito akimaanisha wa kulemea mkono. Saidi alisikia mzito wa uji, mzito wa blanketi, yaani nene. Kwenye karatasi iliyokuwa miguuni pa Saidi, mchoro wa upande, ambao ungeonyesha jinsi bawa lilivyo bapa, ulikuwa umekatwa na mashine ya fotokopi. Na mti alioutumia ulikuwa ule wa mizinga ya nyuki, laini na mwepesi, mzuri wa kuchonga. Likitumbukizwa ndani ya pipa, bawa hilo lingeelea kama kibuyu.

Ilihitajika sentensi moja tu. Fredi anasema ilifika kwenye meno. Lakini pale alikuwa Simoni wa Karusi, na maneno ya Salama yalikuwa bado yana joto masikioni. Akawaza: acha Gitega yote ione fundi wa Muyinga alivyo. Alilipa mwiko wake, wenye alama tatu za moto mwishoni mwa mpini, ambazo Saidi hupiga kwenye kila kazi yake. Alipofika nyumbani aliuficha nyuma ya mbao.

"Makebuko mbao zikoje?" Ursula alimuuliza.

"Mbichi," alisema.

Akanyamaza siku nane. Katika siku hizo alikuwa na furaha mbaya. Alimsikia Ursula akicheka na simu, naye akapiga mluzi. Nimemwambia usoni, nami nauandika hapa, kwamba wivu wa namna hii ndio unaotumaliza. Hatumwombei jirani mvua ya mawe; tunaona wingu linakuja, tunaingia ndani na kufunga mlango taratibu. Alinijibu, "Wewe huna mke. Andika tu."

Bawa lilifika kwa basi, ndani ya boksi la sabuni. Jumatano, siku mbili kabla ya wazazi, Ursula alifanya jaribio mbele ya darasa lake, na mkuu wa shule akaja na tai yake. Mimi na Fredi tulikuwa tumeviringisha pipa mpaka uwanjani. Yeye hakuondoka, alisimama nyuma ya wanafunzi.

Ursula alitumbukiza mfupa wa bawa la kuku, ncha zake zimezibwa kwa nta. Ukaelea. "Huyu ni wa hewani," alisema. Kisha akalishika bawa la pengwini kwa heshima, akaliweka juu ya maji, akaliachia. Likakaa palepale. Akalisukuma chini kwa kiganja mpaka kwenye kiwiko chake. Alipotoa mkono, bawa liliruka nje ya maji na kumwagia mkuu tai yote.

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Msichana mmoja wa mbele alisema, "Madamu, huyu amechagua hewa."

Mkuu alijifuta. "Ijumaa si mbali, Madamu Ursula," alisema. "Na maharage ni Jumamosi."

Nilimtazama Fredi. Alikuwa amelingoja jambo hili siku nane, na sasa alikuwa akimtazama mkewe alivyookota bawa lililoangukia vumbini, akalifuta kwa sketi yake, mara moja, mara mbili, ingawa lilikuwa limeshakuwa safi.

Jioni ile nilikuwa kwao, na Ursula alikaa jikoni akichambua majani ya sombe. Hakuwa akilia. Alisema, "Sijui nilikosea wapi. Nilimwambia mizito. Nilisema waziwazi, mizito."

"Usijilaumu," alisema Fredi kutoka mlangoni, na nadhani kweli alitaka kumtuliza. "Yeye kaelewa mzito kama wa uji."

Mikono ya Ursula ikasimama. "Nani kakwambia habari ya uji?"

Fredi alitoka, akaenda karakanani, akarudi na mwiko, akauweka mezani. Ursula aliugeuza, akaziona alama tatu.

"Siku hizi Makebuko wanauza miko ya Saidi?"

"Nilikwenda Muyinga."

"Lini?"

"Ile Jumanne."

Alihesabu. "Siku nane. Ulijua siku nane, ukaja kuviringisha pipa."

"Nilisikia mabwana wawili, Ursula. Nikasikia lazima achague. Wewe mwenyewe ukasema ameshachagua."

Ursula aliuweka mwiko chini. "Ndege, Fredi," alisema. "Ndege ndiye aliyechagua. Ni ya kwenye Injili, hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili. Bawa la hewani linatakiwa refu na jepesi. La majini linatakiwa fupi na gumu. Ukitaka yote mawili, hewani unachoka na majini unachoka. Mababu wa pengwini wakachagua maji. Hilo ndilo lililomshika Saidi kichwa siku nzima."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniuliza mimi kwanza, kabla ya kupita Karusi yote kutafuta fundi mwingine." Alilisema kwa maneno ya Salama, bila kujua.

"Nilikuuliza." Ursula aliweka jani chini. "Nilisimama karakanani kwako na karatasi mkononi. Ulisema ndege asiyeruka ni kuku aliyelewa. Nazario alicheka mpaka akakohoa. Randa hukuiacha."

Niliona uso wa Fredi ukitafuta siku hiyo, ukakaribia kukataa, kisha ukaipata. Alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyewekewa mzigo begani.

"Mpigie," alisema Ursula, akampa simu. "Wewe."

Saidi alipokea kwa mlio wa kwanza. "Madamu, imezama?"

"Haijazama. Mimi si madamu. Mimi ni Simoni wa Karusi, yule wa mwiko. Jina langu ni Fredi. Mke wangu ni Ursula. Niliona kosa nilipokuwa hapo kwako, nikanyamaza."

Upande wa pili tukamsikia Salama akiuliza, "Ni nani?" na Saidi akijibu kwa sauti ya chini, na Salama akisema, "Ee Mungu wangu, na chai nilimumiminia mi mwenyewe."

"Kosa gani?" Saidi aliuliza. Sauti haikuwa laini tena.

Fredi akamweleza: mzito wa jiwe, si wa uji; na bapa kama kasia. Saidi alisikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza tena, alizungumza kama fundi.

"Bon. Uko na muti gani inazama? Mi sina. Huku yote inaelea."

Fredi aliinua macho. Kwenye pembe, kando ya kinu, mchi ulikuwa umesimama.

"Ninao," alisema.

Ursula aliyafuata macho yake. "Huo ni wa Mama Martha."

"Ndiyo."

"Tutatwanga sombe kwa nini?"

"Nitachonga mwingine, wa mkaratusi."

"Mkaratusi unatia ladha ya dawa."

"Basi tutakula maharage. Si yanakuja Jumamosi?"

Ursula hakucheka. Lakini pua ilicheza.

Saidi alifika Alhamisi kabla ya adhuhuri, nyuma ya pikipiki ya mtu anayemfahamu, na tupa zake ndogo zimefungwa kwenye kitambaa. Walisalimiana kwa mikono, wote wawili wakiangalia mikono. Fredi aliupasua mchi kwa urefu. Alianza kwa msumeno ulionolewa upya, na kabla ya nusu ya njia meno yalikuwa yameshakufa, akanoa tena. Saidi alikuwa hajawahi kuchonga mpingo. Pigo lake la kwanza la patasi liliteleza kama kwenye kioo.

"Usiupige," alisema Fredi. "Uombe kidogo kidogo. Hivi."

"Huyu iko na kiburi."

"Ana kiburi. Mzoee."

Umbo lilikuwa la Saidi. Alikuwa amelala na bawa lile mwezi mzima na hakuihitaji karatasi. Fredi alipunguza unene, Saidi akaleta mviringo. Hawakuzungumza mambo mengine, isipokuwa mara moja Saidi aliposema, "Salama anaomba musamaha. Anasema, lakini, swali yake iko palepale." Fredi alisema amwambie jibu lake analichonga.

Msifikiri wivu ulikuwa umekwisha. Saa tisa Ursula alitoka shule, akaja moja kwa moja, akasimama nyuma ya Saidi kuangalia kichwa cha mfupa kikitokeza kwenye weusi. Aliinama. Bega lake lilikuwa karibu na bega la Saidi, akisema hapa ndipo msuli wa kunyanyua bawa unapokaza, na Saidi akisema ndiyo, ndiyo, akiondoa unga mweusi kwa pumzi. Nilimwona Fredi. Alikuwa ameshika tupa kwa nguvu mpaka ngumi zilipauka. Kisha akaigeuza tupa, mpini mbele, akampa Saidi kabla hajaiomba. Nimeona watu wakipigiwa makofi kwa mambo madogo kuliko hilo.

Ijumaa wazazi walijaa uwanjani, kina mama na miavuli yao ya jua. Mfupa wa kuku ukaelea. Ursula akaliweka bawa jeusi juu ya maji, akaliachia. Halikwenda kwa kishindo. Liliinama upande mmoja, likashuka taratibu kama mtu anayetafuta kiti gizani, likatua chini ya pipa. Mama mmoja wa Giheta alichungulia ndani akauliza, "Na alikuwa ndege kweli?" Ursula akasema, "Kweli, mama. Hakuacha kuruka. Alibadili mahali." Yule mama akawageukia wenzake akawaeleza upya kwa Kirundi, vizuri kuliko kitabu chochote, na mkuu wa shule akasikia, akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wenye kamba nyekundu.

Bawa sasa limelala kwenye rafu kati ya yale madirisha mawili. Chini yake kuna karatasi kwa mwandiko wa dada yangu: *Bawa la pengwini wa kale. Fundi: Saidi, Muyinga. Mti: mchi wa Mama Martha.* Fredi aliisoma mara mbili Ijumaa ileile.

Jumatatu Nazario alikuwa karakanani na kiti chake. Ursula aliingia akitoka shule, akatoa karatasi nyingine kwenye mkoba, akaikunjua juu ya meza ya kazi, akazishikilia pembe zake kwa misumari. Ilikuwa mguu: mfupa mmoja mfupi, mpana, uliokuwa mitatu zamani kabla haijaungana.

"Na mguu pia," alisema. "Jina la fundi bado sijaandika."

Nazario alimtazama Fredi, mdomo tayari umeshaanza kutabasamu, akingoja. Fredi alizima redio. Akaiweka randa chini.

"Mzito wa uji au mzito wa jiwe?"

"Wa jiwe."

Simu ya Ursula ikalia. Jina lilisomeka wazi juu ya kioo, na Fredi alilisoma. "Pokea," alisema, akatoa penseli nyuma ya sikio. Ursula akatoka uani, na baada ya muda mfupi kicheko chake kikasikika, kile cha puani. Mstari wa kwanza wa Fredi ulipinda. Akaufuta kwa kidole gumba, akachora tena.